Livu ya Fayamani

Watu wa reli wakipata livu, yaani likizo, walikwenda nyumbani, basi. Unapewa pasi ya treni ya bure, wewe na bibi yako, mnafunga sanduku, mnanunua sukari, majani ya chai na blanketi la mama mkwe, mnapanda treni hapo Nakuru, na kesho yake mko magharibi mmezungukwa na jamaa wanaotaka kujua mmewaletea nini. Landi nzima tuliyokaa, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ilifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mume wangu aliporudi kazini siku moja, mwishoni mwa miaka ya hamsini, akasema safari hii hatuendi kwao, tutachukua gari tulizunguke bonde hili polepole, nilimgusa paji la uso nikidhani ana homa.

Ati tuzunguke! Tuzunguke kama akina nani? Walioendesha gari kwa raha tu siku hizo ni wazungu, na vikapu vyao vya mikate na mbwa wao nyuma. Tena miaka ya hali ya hatari ndiyo kwanza ilikuwa inalegea. Kabla ya hapo mtu mweusi hakuzurura barabarani bila kuulizwa anatoka wapi na anakwenda kwa nani. Nilimuuliza, na mama yake je, tutamwambia nini? Akasema atamwambia amebanwa na kazi. Nikanuna, lakini wacha niseme ukweli, nilinuna kwa mdomo tu. Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa na hatujapata mtoto, na mama mkwe alikuwa na tabia ya kulitazama tumbo langu kabla hajanitazama usoni. Kukosa macho yale mwaka mmoja kulikuwa raha tosha.

Mume wangu alikuwa fayamani, yaani ndiye aliyelisha moto wa injini. Dereva anatazama njia, fayamani anatazama moto. Alipita Naivasha, Gilgil na Njoro mara zisizohesabika, na kila mara mgongo wake ndio ulioziona. Aliniambia hivyo mwenyewe: anajua kila kilima cha bonde kwa jinsi injini inavyohema, lakini ukimuuliza kilima chenyewe kikoje, hajui. Sasa wakubwa walikuwa wamemwahidi udereva. Livu ikiisha angepimwa macho na daktari wa reli. Akipita, anakuwa dereva, nasi tunahama kutoka chumba chetu kimoja cha landi kwenda nyumba ya vyumba viwili yenye jiko lake. Asipopita, hata ufayamani anavuliwa, maana mtu asiyeona hawekwi juu ya injini.

Nami nilikuwa nimeanza kuona vitu. Chai akiimimina ilikuwa inafika kwenye meza. Gazeti alilikaribisha puani. Mke wa dereva wake aliniambia kisimani, kwa sauti ya chini, kwamba mume wangu alikuwa amekosa tokeni mara mbili. Hiyo tokeni ndiyo ruhusa ya kupita. Reli ni njia moja, na treni mbili haziwezi kupewa kipande kimoja cha njia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo treni haiondoki stesheni mpaka ishike tokeni ya kipande kile, na ni moja tu. Treni isiyosimama hupewa ikipita. Mtu wa stesheni anasimama ukingoni ameinua pete kubwa yenye mfuko wa ngozi, tokeni iko ndani, na fayamani ananyoosha mkono nje na kuinasa pete kwa kiwiko. Akiikosa, treni nzima lazima isimame. Mara zote mbili dereva wake alimfichia, akasema pete iliinuliwa vibaya. Sikumwambia mume wangu kwamba najua. Nilingoja aniambie mwenyewe.

Gari lilikuwa la mwashi mmoja wa kanisani kwetu. Alilipata kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na yeye mwenyewe hakujua kuliendesha. Lilikaa uani kwake, kuku wakilala chini yake. Mume wangu alijifunza kuendesha malori jeshini wakati wa vita, huko Burma, na leseni alikuwa nayo. Mwashi alifurahi gari lake litoke likaonekane. Asubuhi tuliyoondoka, nusu ya landi ilisimama nje kututazama. Mimi nilikwishakaa, nimevaa gauni langu la Pasaka, kikapu magotini. Mume wangu akakaa, akapima mafuta, akapima maji, akapima tena mafuta, halafu akatulia tu, mikono juu ya usukani.

Nikamuuliza tunangoja nini. Akasema tunangoja tokeni.

Nikadhani anatania. Hakutania hata kidogo. Alisema hajawahi kuondoka stesheni bila tokeni na hataanza leo mbele ya watu. Nilipekua kikapu kwa hasira nikachomoa kitu cha kwanza kilichonijia mkononi, mwiko wangu wa ugali, nikampa. Akaupokea kwa heshima zote, akautazama huku na huku, akauweka mbele ya kioo, akapiga honi mara mbili, tukaondoka. Watu walicheka mpaka nikajifunika uso. Lakini tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya safari: tukifika mahali, ananirudishia mwiko, tukiondoka, nampa. Mimi ndiye stesheni masta. Na alinieleza kanuni kwa uso mkavu kabisa, kwamba tokeni haishikwi ovyo, hupewa yule tu anayekwenda kuendesha kipande cha mbele, mwingine yeyote akiomba anyimwe, hata awe mkubwa wa reli.

Alikwenda mwendo wa treni ya mizigo. Baiskeli zilitupita. Penye mteremko anafunga breki mapema kama ana mabehewa nyuma, penye mlima analibembeleza gari kwa maneno, na kila penye ubao wa kando ya barabara anasimama na kuniambia nisome. Nilikuwa nimemaliza darasa la watu wazima la misheni, kusoma kulikuwa kupya kinywani mwangu, na niliposoma ubao wa Lanet bila kukwama alinisifu kwa majirani wasiokuwepo. Nilivimba kichwa. Mbao mbili baadaye nikashtuka: hajasoma hata mmoja yeye mwenyewe.

Tulipofika juu ya ziwa la Elmenteita alisimamisha gari, tukashuka tukala viazi vitamu. Ukingo wote ulikuwa umejaa ndege wale wa rangi ya waridi, wengi hata maji hayaonekani. Nikamwambia tazama vile wanavyotembea, kila mmoja amekunja shingo kama mpini wa mwavuli. Akatazama sana. Akasema rangi ni nzuri. Nikamuuliza, na shingo je? Akasema tena, rangi ni nzuri mno, halafu akaniomba kiazi kingine.

Baada ya Gilgil akabuni mchezo mpya. Nishuke, nitangulie mbele kidogo, nisimame upande wa dereva nimeinua mwiko, naye atapita polepole aunase kwa mkono kama kazini. Nikasema watu watatuona vichaa. Akanibembeleza, na mume wangu akikubembeleza huna ujanja. Nikashuka na gauni langu la Pasaka, nikasimama vumbini nimeinua mwiko. Akaja. Mkono ukatoka dirishani, ukapita hewani chini ya mwiko, mbali kabisa, na gari likapita. Tukarudia. Akakosa. Mara ya tatu askari mmoja wa barabarani alikuja na baiskeli yake, akauliza huyu mama ameinua mwiko wa nini, kuna nini hapa. Mume wangu akamjibu kwamba ni mambo ya reli. Askari akatutazama, akatazama mwiko, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Tulicheka mpaka machozi, lakini mimi niliacha kwanza. Haukuwa mchezo. Mtu wangu alikuwa anafanya mazoezi.

Tulifikia kwa shemeji yangu, kaka yake mkubwa, aliyekuwa nyapara wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu kando ya ziwa Naivasha. Mzungu mwenyewe alikuwa amekwenda Ulaya, na shemeji alitupokea kama shamba ni lake. Mahali pale palikuwa kimya! Matete, maji, kiboko akikohoa mbali, na hewa baridi ya asubuhi inayokufanya utake chai ya pili. Mume wangu alikaa ukingoni siku nzima miguu ndani ya maji. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo. Nyumbani alikuwa mtu wa kulala na kuondoka, kulala na kuondoka, na harufu ya mafuta mazito hata ndani ya shuka. Pale alinukia sabuni. Nilimpenda upya, nasema waziwazi, sina haya, mimi ni mzee sasa.

Mzungu yule alikuwa na mizabibu. Aliipanda mistari mirefu kwenye mteremko akitaka divai ya kwake mwenyewe, na kila mwaka ndege walimmaliza. Wanawake wa shambani walilipwa kupiga madebe tangu alfajiri kuwafukuza, nami nikajiunga nao asubuhi moja nikapiga debe mpaka mkono ukauma, huku nikila zabibu kuliko ndege. Shemeji akatutolea kikombe cha ile divai ya mwaka uliopita. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nilisema hata kanisani huwa ipo, nikaonja. Mungu wangu! Ilikuwa siki tupu. Nilimwambia shemeji mzungu wake awaachie ndege tu. Mume wangu alikunywa chake chote kwa adabu, akasema ingefaa sana kusafishia shaba ya injini.

Siku iliyofuata tulikwenda Olkaria, ambako mvuke unatoka ardhini wenyewe. Pale alisahau kila kitu. Alikwenda kutoka tundu hadi tundu ameinamisha sikio. Mvuke bila moto, bila maji ya kujaza, bila fayamani! Alikuwa anaulizia ni nani anachochea huko chini na kama anapewa livu. Akafumba macho, akaniambia tundu lile lina mvuke mwepesi, lile zito, na lile pale halijashiba. Amefumba macho na hakukosea njia kati ya mawe. Alipoyafumbua alijikwaa.

Basi tukaenda Ndabibi, kwenye malisho ya ng'ombe, nchi tambarare isiyo na mti wala mtu. Akasema, shika usukani. Nikamwambia aache mzaha, mwanamke gani wa landi anaendesha gari? Akasema huyu. Mwalimu wa subira kama yule sijaona tena. Gari lilirukaruka, likazimika, likawakimbiza ndama wa shemeji, nami nikamtukana yeye, klachi na aliyebuni gia. Yeye alikuwa ananisikilizisha tu: isikie, inalia, ibadilishe, sasa imetulia, iache. Siku ya pili niliendesha kutoka zizi mpaka birika la ng'ombe na kurudi. Wachungaji wakasimama kunitazama. Niliposhuka nilikuwa natembea kama mke wa chifu.

Halafu akataka tena mambo ya mwiko. Nami nikajiona nina akili nyingi. Nilikuwa na kitambaa cha kichwa chekundu, chekundu kweli kweli, nikasema moyoni, hiki hata kipofu atakiona. Nikakifunga kwenye mwiko, nikaenda mbali kule malishoni, nikauinua. Gari likaanza kuja. Likaja vizuri, halafu, likiwa bado mbali sana, likafunga breki kwa nguvu mpaka vumbi likalifunika. Nikangoja. Halikuja. Nikapunga mwiko kwa nguvu zaidi. Injini ikazimwa kabisa.

Nilitembea mpaka pale nikiwa nimefura. Nikamkuta amekaa wima, mikono juu ya usukani, jasho usoni. Nikamuuliza ana nini, mbona amesimama na mimi nimechomwa na jua kule.

Akasema, "Umenipungia nyekundu."

Miye nilisahau kabisa! Mke wa mtu wa reli, nimekaa kando ya reli miaka yote hiyo, nampungia fayamani kitambaa chekundu halafu namuuliza mbona amesimama. Nikaanza kucheka. Yeye hakucheka.

"Kitambaa nimekiona," akasema. "Wewe sikukuona. Mwiko sikuuona. Ningekugonga, mama."

Nikaingia nikakaa kando yake. Ng'ombe walikuwa wanakula majani bila kutujali. Akaniambia yote, niliyoyajua na nisiyoyajua: kwamba ukungu ulianza mwaka uliopita, kwamba rangi bado anaziona lakini maumbo yanayeyuka, kwamba ndiyo sababu hakutaka kwenda kwao kutazama nyuso za watu. Alitaka kuliona bonde kabla halijayeyuka lote. Na mimi nilivyoumbwa, sikulia. Nilikasirika. Nilimwambia hatukosi ile nyumba, na hatutarudi kwa mama yake kulima na kutazamwa tumbo. Nikampa mpango. Ubao wa daktari una herufi zilezile kila mara, watu wa landi wanazijua, na mimi sasa najua kusoma. Nitazipata, nitamkaririsha, usiku na mchana, mpaka azitaje akiwa amelala. Mbona wengine wamefanya hivyo na wanaendesha?

Alijipangusa jasho usoni. Niliendelea kusema. Nilisema mpaka kile chumba chetu, na jiko la mkaa mlangoni, na moshi, na jirani anayekoroma upande wa pili wa ukuta. Nilisema mambo mengi.

"Na yule mtu atakayesimama kwenye reli na kitu kisichokuwa chekundu?" akaniuliza.

Nilikifungua kitambaa kwenye mwiko nikakitupa kiti cha nyuma. Nilikuwa na hasira tu, na hasira hiyo nikaenda nayo mpaka ukingoni mwa ziwa, nikakaa nayo siku yetu ya mwisho pale Naivasha, kimya, shemeji akidhani tumegombana kwa sababu ya divai. Mume wangu hakunisumbua. Jioni alinichemshia chai mwenyewe, akaimimina akiwa ameweka kidole ndani ya ukingo wa kikombe ili ajue inapofika. Akakiunguza kidole. Alikinyonya akafikiri sijamwona. Hapo ndipo hasira iliponiisha, nikalia nikiwa nimeupa mgongo moto.

Kurudi aliendesha yeye sehemu ya kwanza, polepole kuliko tulivyokuja, nami nilikuwa namsomea kila kitu bila kuulizwa: baiskeli kushoto, mbuzi, lori la ngano linakuja, shimo. Hatukutaniana. Tulipokaribia Lanet, Nakuru ikiwa mbele na ziwa lake linang'aa, alisogea kando, akazima injini, akanirudishia mwiko kama ilivyokuwa desturi. Nikangoja aseme ameona kitu au anataka maji. Tulikaa kidogo. Nikamnyooshea mwiko tuondoke.

Hakuupokea. Alifungua mlango, akashuka, akazunguka mpaka upande wangu, akauchukua mwiko mkononi mwangu na kuanza kutembea mbele kando ya barabara, akipapasa ukingo wa lami kwa kiatu. Alikwenda kipande kizuri. Kisha akageuka, akasimama upande wa dereva, akaunyoosha mwiko juu kabisa, mkono umenyooka kama wa watu wa stesheni, nao hautikisiki hata kidogo.

Niliitazama ile kanuni yake ikiwa imesimama barabarani. Tokeni hupewa yule tu anayekwenda kuendesha kipande cha mbele.

Nikahamia kiti chake. Sikuwa na leseni, sikuwa na akili, nilikuwa na gauni la Pasaka lenye vumbi la Ndabibi. Nikawasha gari, nikasikiliza injini inapolia, nikabadilisha gia. Nikatoa mkono dirishani. Alikuwa haoni nikija. Niliona anavyogeuza sikio. Niliunasa mwiko kwa mara ya kwanza, bila kuukosa, na nilikuwa nimeelekeza akili yote huko hata nikasahau breki, nikampita mbali. Nyuma yangu nilimsikia akipiga kelele kama kijana, anashangilia peke yake kando ya barabara. Ilibidi atembee kunifuata. Niliingia Nakuru nikiendesha, yeye ameketi kando yangu, na landi nzima ikatoka nje.

Livu ilipoisha alikwenda kwa daktari, na kabla ya kuambiwa akae akamwambia mwenyewe kwamba haoni. Nyumba ya vyumba viwili alipewa mwingine. Ufayamani alivuliwa siku hiyohiyo. Lakini dereva wake wa zamani alimsemea, akahamishiwa stesheni ndogo ya huku bondeni, kazi yake ikawa kusimama ukingoni na kuwainulia pete mafayamani wa treni zisizosimama. Kwa kazi ile anayehitaji macho ni yule anayepita. Anayesimama huambiwa tu treni iko karibu, na yeye hakuwa na haja ya kuambiwa, aliisikia kabla ya stesheni masta. Mafayamani walisema hakuna aliyeinua pete kama yeye, iko palepale kila siku, unainyooshea mkono tu. Tulipewa chumba kimoja. Watoto wetu walizaliwa humo, na mama mkwe alikuja mwenyewe kuwaona.

Treni ya mchana ikikaribia nilikuwa natoka mlangoni na mwana mgongoni kumtazama. Anasimama, anainua, injini inapita kwa kishindo, mkono wa kijana unatoka na kuinasa pete, na yeye anabaki ameinua mkono mtupu, anasikiliza mabehewa yote mpaka la mwisho, halafu anageuka upande wa mlango wetu na kuniuliza, kila siku, kama ameishika.

Nami namwambia ameishika.